Kikundi Chetu cha Land Rover za Zamani: Yale Anayoyaona Mhazini

Watu wakisikia niko kwenye kikundi cha wenye Land Rover za zamani hapa Arusha, swali la kwanza huwa: mnapita lini barabarani? Wanataka msafara. Siwalaumu. Oktoba 2024 mkoa wetu uliandaa tamasha la Land Rover, magari yakamiminika kutoka mikoani, na lengo likiwa kuvunja rekodi ya Guinness ya msafara wa Land Rover 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Tangu siku hiyo hata muuza karanga wa soko la Kilombero ana maoni yake kuhusu Land Rover. Lakini msafara ni jambo la siku moja, na mimi ni mhazini. Daftari liko kwangu. Kwenye daftari hilo misafara inachukua mistari michache tu. Kurasa nyingine zote ni mafundi na vyuma, ndiyo maana nikiulizwa kikundi kinahusu nini huwa nasema kinahusu mafundi. Magari ni kisingizio.

Wenzetu wa Nairobi wana utaratibu mwingine. Tangu 1970 klabu ya wenye Alfa Romeo huandaa Concours d'Elegance, ambapo majaji hukagua rangi, viti, injini na hata uvungu wa gari, na mwenye gari amekesha akisugua kwa mswaki. Nimewahi kwenda kutazama pale Ngong Racecourse na nilifurahi sana. Ila nilijiuliza Land Rover yangu ya 109 wangeiweka kundi gani. Ina mikwaruzo ya miiba ya Simanjiro, mlango mmoja una rangi yake peke yake, na oili inadondoka palepale inapodondoka siku zote. Mafundi hutania kwamba Land Rover ikiacha kuvuja oili, jua imekwisha ndani.

Kwetu Land Rover haijastaafu. Nenda Mererani uone zinavyopakia wanaapolo wanaokwenda machimboni kutafuta tanzanite. Nenda Longido siku ya mnada, utakuta moja imebeba akina mama, mbuzi na magunia, na vijana wamekaa juu ya keria wameshikilia shuka zao zisipeperuke. Gari ambalo Ulaya linafunikwa turubai na kutolewa Jumapili, huku linaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta nauli. Ukianzisha klabu ya magari ya zamani mahali kama hapa bila kulijua hilo, utapata klabu ya watu wa mjini wanaopiga picha.

Tunapokea Series zote na 110 za mwanzo. Kwa asiyezijua: Series I ilitoka 1948, II mwaka 1958, IIA 1961, na III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 88 na 109 tunazoyaitia magari haya ni inchi, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. 110 ya springi za koili ilikuja 1983, na jina Defender, ambalo wengi wetu tulilijua kwanza kupitia magari ya polisi, lilibandikwa 1990. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya umbo lile Januari 2016. Yangu ni Series III, 109 ya petroli, niliyoinunua kwa parokia moja iliyokuwa imeiweka juu ya mawe kwa miaka mingi.

Kikundi chenyewe hakikuanza kwa mapenzi. Kilianza kwa shafti iliyokatika. Jamaa mmoja alikwama karibu na Makuyuni, shafti ya tairi la nyuma imekatika vipande viwili, kama ilivyo kawaida kwa ekseli za zamani kabla ya 109 kuwekewa difu ya Salisbury. Akapiga simu huku na huku mpaka akaelekezwa kwa mwalimu mstaafu wa Tengeru aliyekuwa na shafti kama hiyo uvunguni mwa kitanda. Uvunguni kabisa, imefungwa kwa gazeti na grisi. Mwalimu hakutaka hela. Alitaka aahidiwe kwamba siku yake ikikatika, atajua pa kupiga simu. Ahadi hiyo ndiyo katiba yetu hadi leo. Zile kurasa za katiba tulizoandika baadaye kwa ajili ya benki sijui kama kuna mwanachama amezisoma.

Shida yetu kubwa haikuwa shafti, ingawa tulichelewa kuliona hilo kwa sababu spea ndizo zinazopigiwa kelele. Arusha ya zamani ilikuwa mji wa Land Rover kwa sababu ya utalii. Kampuni za kupeleka wageni Ngorongoro na Serengeti zilitumia 109, halafu 110, halafu Defender zilizorefushwa. Kila kampuni ilikuwa na karakana, kila karakana na mafundi, na kila fundi na vijana wanaomshikia tochi. Kisha kampuni moja baada ya nyingine zikahamia Toyota Land Cruiser. Walikuwa na sababu za msingi: spea zipo kila kona, na dereva hasumbuki njiani akiwa na wageni. Lakini walipohama, shule nzima ya ufundi ilifungwa bila mtu kupiga kengele. Mafundi wakubwa wakastaafu. Wadogo wakageukia Toyota.

Kijana wa gereji alinieleza hesabu yake bila kuficha. Akijua Toyota Noah na IST, anakula kila siku. Akijua Land Rover 109, anakula siku mwenye 109 akipata hela. Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwenye kikao nikawaambia wenzangu kwamba hela tuliyokuwa tunaiweka kwa ajili ya safari ya mwisho wa mwaka ihamishwe, iende kulipa vijana wa karakana. Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja alisema kikundi si shirika la misaada. Nikamuuliza, gari lako litafungwa na nani mwaka 2035? Akacheka, akasema yeye mwaka huo hatakuwepo. Nikamwambia gari litakuwepo.

Utaratibu tuliouweka ni huu. Jumamosi moja kila mwezi ni siku ya vyuma. Kila mwanachama analipa mchango wa mwezi, gari lake liwe zima au bovu. Siku hiyo vijana wanalipwa posho kamili hata kama hakuna gari lililokuja. Kama hakuna gari, wanafungua injini ya mafunzo, ile ya lita 2.25 tuliyoiokoa kwenye skrepa, wanaifunga tena, wanaiwasha, halafu wanaifungua upya. Mwenye gari bovu anaingia kwenye foleni, analipa spea tu, ufundi unatoka kwenye mfuko. Wanachama wenye magari mazima hunung'unika kwamba wanawalipia wenye mabovu. Huwa nawaacha wanung'unike. Kwa Land Rover, kubadilishana nafasi ni suala la muda.

Fundi wetu mkuu ana karakana mtaa wa Unga Limited, sehemu isiyo na hata kibao. Hapendi kutajwa. Alianza kazi kwenye karakana ya serikali, enzi ambazo bwana shamba, bwana afya na mkuu wa wilaya wote walitembea kwa Land Rover. Ukimpelekea gari linalogonga, anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, ananyamaza, kisha anataja beringi. Hapendi kuulizwa amejuaje. Nimemwona akifunga giaboksi huku anazungumza habari za Simba na Yanga, na mikono inachagua wosha nyembamba na nene bila yeye kutazama.

Tulipomwomba tumrekodi kwa simu ili vijana wawe na kumbukumbu, alikataa. Alisema waziwazi: mkishanirekodi, mtaniita wa nini? Wengine waliona ni uchoyo wa wazee. Mimi sikuona hivyo. Ujuzi ule ndio pensheni yake, na sisi tulikuwa tunamwomba atupe bure huku tukiita ni kuhifadhi urithi. Tukakaa naye, akataja bei yake. Kila kazi inayorekodiwa analipwa mara mbili: mara moja kwa kazi, mara moja kwa somo. Video zinakaa kwenye simu za vijana watatu tu, haziwekwi mtandaoni, na anayeanza kuzisambaza anatoka. Tangu tulipokubaliana hivyo amekuwa mwalimu wa ajabu. Anasimamisha kazi, anageuza gia kuelekea kwenye kamera, anasema, tazama hapa, meno haya yameliwa upande mmoja, maana yake dereva wake anakanyaga klachi nusu. Dereva mwenyewe alikuwa amesimama pembeni.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna mtu aliyetuambia tuyatarajie. Spana ni mojawapo. Vijana wa sasa wana seti za milimita tu, kwa sababu Toyota ni milimita. Series ni inchi, tena si aina moja ya nyuzi, maana kwenye gari moja unaweza kukuta za kizamani za Kiingereza na zile za UNF pamoja. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Kijana anachukua spana ya 13, inaingia, inacheza kidogo, anavuta kwa nguvu, kona za nati zinalika. Baada ya mara kadhaa nati imekuwa duara na inabidi ikatwe kwa patasi. Ile ya 9/16 ni mbaya zaidi: 14 haiingii na 15 inaogelea. Fedha ya kwanza kabisa niliyoitoa kwenye mfuko kwa amani ya moyo ilikuwa ya seti mbili za spana za inchi na soketi zake. Ziko kwenye sanduku lenye kufuli, na jina la anayezichukua linaandikwa. Bolti chache sana zimeharibika tangu hapo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa ajili ya mafundi waliojifunzia mtaani. Tulimlipia kijana wetu mmoja, akapimwa, akapata cheti. Muda mfupi baadaye akaajiriwa na kampuni ya utalii kutengeneza Land Cruiser. Kikao kilichofuata kilikuwa cha matanga. Eti tumesomesha mtu wa Toyota! Mimi nilifurahi na niliwaambia hivyo. Ana mshahara, ana bima ya afya, na Jumamosi ya vyuma bado anakuja kwa sababu anaipenda ile injini. Ufundi wa gari la zamani hauwezi kumlisha mtu peke yake hapa kwetu kwa sasa. Anayetaka uendelee akubali kwamba utaishi kwa watu wenye kazi nyingine, na apange siku na saa zinazowafaa.

Kuhusu spea nitasema kwa kifupi, maana kila mwenye gari la zamani ana hadithi zake. Nairobi kuna Grogan, barabara ya Kirinyaga, ambako ukiwa na mwenyeji unapata vitu ambavyo hata Solihull walishavisahau. Dar kuna Shaurimoyo. Uingereza bado wanatengeneza karibu kila kitu cha Series, ila nauli na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kifaa. Hivyo tunaagiza kwa pamoja vitu vidogo vinavyoisha: gasketi, oili sili, raba za breki, platini za distribyuta. Vikubwa tunatafuta hapahapa, au tunakereza. Bushi nyingi tunazotumia zimekerezwa Unga Limited kwa kipimo cha bushi ya zamani, na zinadumu kuliko baadhi ya zilizokuja kwenye boksi lenye nembo nzuri.

Wanachama walitaka tuwe na stoo ya pamoja. Nilipinga, na bado napinga. Stoo inahitaji kodi, mlinzi na funguo, na siku kitu kikipotea undugu unavunjika. Badala yake tuna orodha. Kila mtu anabaki na spea zake nyumbani kwake, uvunguni kama atapenda, ila ameziandika kwenye orodha ninayoitunza. Mtu akihitaji, ananipigia, namuunganisha. Wanakubaliana wenyewe kama ni kununua, kuazima au kubadilishana. Sijawahi kusuluhisha ugomvi wa spea, na ningependa ibaki hivyo.

Skrepa ndio adui wa kweli. Bodi ya Land Rover ni alumini, na alumini ina soko la haraka kwa wanaosubu masufuria. Chasisi ni chuma cha uzito wa maana. Gari lililokaa nyuma ya nyumba tangu baba alipofariki, watoto wako Dar, mama amechoka kuona nyasi zikiota kwenye usukani, anakuja kijana na mizani na mtungi wa gesi, na jioni hakuna kitu. Tulijaribu kuwasihi wenye magari. Haikusaidia sana, kwa sababu hawatujui. Kilichosaidia ni kuongea na wale vijana wa vyuma chakavu wenyewe. Tuliwaambia: mkiona ya pembe nne yenye taa karibukaribu, piga simu kabla ya kukata. Tukija tukaichukua, tunawapa bei ya kilo na juu yake kidogo. Wao hawana chuki na Land Rover. Wana watoto wa kulisha. Tangu hapo wametuletea habari za magari ambayo tusingeyajua kamwe, moja likiwa lile la 88 tunalofundishia. Somo langu kama mhazini lilikuwa kwamba lazima kuwe na fedha taslimu kidogo isiyosubiri kikao. Mtungi wa gesi hausubiri akidi.

Hapo nigusie karatasi, kwa sababu zimeua magari mengi kuliko kutu. Zamani kulikuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Gari litembee, lisitembee, deni lilikuwa linapanda na faini juu yake. Mwenye 109 iliyoharibika giaboksi, akikaa miaka sita bila kuitengeneza, alikuwa anadaiwa fedha zinazokaribia bei ya gari lenyewe. Wengi waliona bora wakate. Bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada hiyo na kuihamishia kwenye tozo ya mafuta, mitaani watu walizungumzia bei ya petroli. Sisi tulishangilia. Gari bovu likawa halina gharama ya kukaa, na muda ndio kitu ambacho Land Rover inahitaji zaidi ya fedha. Kilichobaki ni mirathi. Usilipe hata mia kabla ya kuiona kadi na kujua msimamizi wa mirathi ni nani. Magari mawili tuliyoyaacha yaende, mazuri kabisa, tuliyaacha kwa sababu hiyo, na moyo uliniuma, lakini wajomba watatu wanaodai gari moja si jambo la kuingilia na mfuko wa kikundi.

Sasa mjadala usioisha: injini. Lita 2.25 ya petroli ni injini ngumu na rahisi kutengeneza, ila inakunywa. Kwa barabara zetu ukipata kilomita sita kwa lita, umeendesha kwa adabu. Tena ilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, na tangu risasi ilipoondolewa kwenye mafuta ya Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, mwenye silinda hedi ya zamani anashauriwa kuweka viti vya valvu vya chuma kigumu anapofanya ovahoo. Kwa hiyo wengi waling'oa injini wakaweka dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu. Wapo wenzetu wanaosema hizo si Land Rover tena na zisihesabiwe. Nimewasikiliza, na sikubaliani nao. Dereva anayepeleka watu Gelai akiwa na injini ya Isuzu ndani ya 109 ya 1975 ameiweka barabarani nusu karne. Yule mwenye injini halisi iliyokaa juu ya mawe tangu enzi za Mzee Mwinyi amehifadhi nini? Ninachoomba ni kimoja tu: injini iliyotoka isiuzwe skrepa. Iandikwe kwenye orodha. Mjukuu wake akitaka kuirudisha, aijue ilipo.

Hoja hiyo ilitupeleka kwenye suala la nani hasa ni mwanachama. Mwanzoni tulikuwa watu wa mjini: daktari, mwalimu, wenye maduka, mimi mwenye ofisi ndogo ya uhasibu. Safari moja tulikwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka, njia ya mawe na majivu ya Oldoinyo Lengai, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Gari la daktari likaanza kuzimika. Tulilizunguka, kila mtu na nadharia yake, koili, plagi, pampu. Akapita dereva wa abiria na Land Rover iliyojaa watu mpaka juu, akasimama bila kuombwa. Alishuka, akasalimia, akagusa pampu ya mafuta kwa kiganja, akaomba kanga kuukuu na maji. Aliizungushia pampu kanga mbichi, akatuambia tungoje kidogo, mafuta yalikuwa yanageuka mvuke kwa joto. Abiria wake hawakulalamika, walishuka wakakaa chini ya mgunga. Gari likawaka. Akakataa hela, akaomba tumtafutie raba za masta silinda, kwa kuwa huko kwao zilikuwa shida.

Yule alikuwa anajua Land Rover kuliko sisi wote kwa pamoja, na kwa masharti yetu ya wakati ule asingeweza kujiunga: kiingilio, mchango wa mwezi, fulana, kikao cha Jumamosi mchana wakati ndio saa yake ya kazi. Nilirudi nikapendekeza aina ya pili ya uanachama. Dereva wa gari la kazi halipi mchango. Analipa kwa habari: barabara ipi imekatika, nani anauza, gari gani limelala wapi. Analipa pia kwa kusimama pale mwenzake anapokwama, jambo ambalo alikuwa analifanya kabla sisi hatujazaliwa kama kikundi. Kwa upande wetu, tunamuuzia spea za pamoja kwa bei ileile tuliyonunulia. Kipengele hicho kilipita kwa kura chache, na sasa orodha ya wanachama ina watu wa Mererani, Longido na Simanjiro wengi kuliko wa Njiro hapa mjini. Picha zetu zimekuwa mbaya, kwa sababu hawana muda wa kupanga magari mstari mmoja. Lakini mtu akikwama popote kati ya Namanga na Orkesumet, kuna namba ya kupiga.

Vijana wanaotaka kuendesha ni sura nyingine. Wenye magari wengi hawataki mtoto aguse usukani. Wanaogopa giaboksi, hasa kwa IIA, ambayo gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kifaa kinachofanya gia ziingie kwa ulaini, na lazima ukanyage klachi mara mbili ukishusha. Sasa hujifunzia wapi? Lile gari la 88 la skrepa lina kazi hiyo. Liko Kisongo kwenye uwanja wa mwanachama mmoja, na yeyote aliyefika Jumamosi ya vyuma akaosha vyuma kwa dizeli hadi mwisho, anapewa zamu ya kuliendesha kuzunguka uwanja. Wasichana ndio wanaojitokeza zaidi siku hizi. Mmoja, anayesoma VETA, ameshika kazi ya kabureta na hataki mwingine aiguse. Mzee wa Unga Limited anamwita "mama Zenith", kwa jina la kabureta yenyewe, na ni yeye pekee anayeruhusiwa kumkatiza akiwa anarekodiwa.

Kikao kijacho kina ajenda mbili zenye gharama. Ya kwanza ni kulipiga rangi lile gari la 88, kwa sababu wanachama wanaona aibu kulipeleka kwenye tamasha likiwa na mabaka. Ya pili ni mashine ya kukereza ya mtumba inayouzwa na karakana moja iliyofunga, bei yake si mbaya, na mzee wetu ameikagua, akasema imechoka kidogo upande wa kulia lakini anajua namna ya kuizoea. Hela iliyopo inatosha moja tu kati ya hizo. Ajenda naandika mimi, kwa hiyo mashine iko namba moja, na rangi nimeiweka chini kabisa, baada ya mengineyo.